Mvivu Mwenye Mkono Mwepesi

Farasi anavuka jangwa bila mtu mgongoni. Nyuma yake anaburuta machela ya miti miwili, na juu ya machela amelala bwana mmoja aliyejaa vumbi kama gunia la saruji lililopasuka. Ukitupa jicho mara moja utasema hiyo ni maiti inapelekwa makaburini. Kumbe amelala usingizi wake. Hatamu hazina mshikaji, njia anaijua farasi, na wimbo unaosindikiza safari hiyo una mluzi wa mtu asiye na haraka hata chembe.

Hivyo ndivyo inavyofunguka Lo chiamavano Trinità..., picha ya kauboi ya Kiitaliano iliyotoka mwishoni mwa 1970. Jina lake ni kama kusema "Walimwita Trinity", na Trinity, jina la huyo aliyelala kwenye machela, ni Utatu, neno la kanisani. Kaka yake, jitu la ndevu lenye mabega mapana kama lango, anaitwa Bambino, yaani Mtoto. Mwandishi na mwongozaji ni Enzo Barboni, Mroma aliyezaliwa 1922, ambaye kwenye mabango alijiita E.B. Clucher, kwa kuwa enzi hizo Waitaliano waliotengeneza picha za Marekani walipenda kujificha nyuma ya majina yenye sauti ya Kimarekani. Nimeitazama picha hii mara nyingi kuliko inavyofaa kwa mtu mzima mwenye shughuli zake. Kila nikiirudia kicheko kinapungua kidogo, na heshima kwa walioitengeneza inazidi.

Barboni hakuanza kama mwongozaji. Alikuwa mpigapicha, mtu wa lenzi na mwanga, na miaka minne kabla ya Trinity ndiye aliyesimama nyuma ya kamera katika Django ya Sergio Corbucci, ya 1966. Aliyeiona Django hasahau mwanzo wake: mtu amevaa nguo nyeusi, anatembea kwa miguu kwenye tope zito, bega lina kamba, na kamba inaburuta jeneza. Sasa ziweke picha hizo mbili pamoja. Stelingi wa Corbucci anaburuta mauti. Stelingi wa Barboni anaburutwa yeye, amelala. Tope limekauka likawa vumbi, jeneza limegeuka kitanda, na kazi ya kuvuta amepewa mnyama. Sidhani mtu mwingine angeweza kuubuni mzaha huo ila yule aliyewahi kulifuata jeneza lile kwa kamera, hatua kwa hatua, akiwa na viatu vya tope.

Watu husema picha za Trinity ni dhihaka ya picha za kauboi. Mimi naona ni zaidi ya hapo. Mdhihaki kwa kawaida hakijui vizuri kile anachokidhihaki. Anaiga sura ya nje, kofia na sigara, basi. Barboni alikijua kutoka ndani. Alijua jinsi Sergio Leone alivyoinyoosha dakika moja ikawa dakika tano tangu 1964, jinsi uso unavyokaribiwa hadi unahesabu vinyweleo, jinsi mkono unavyotetemeka karibu na bastola. Baada ya Leone zilifuata picha za aina hiyo kwa mamia, na kila moja ilitaka kuishinda iliyotangulia kwa idadi ya maiti, mpaka maiti zenyewe zikaanza kuchosha. Barboni akatoka na wazo la kuvunja mazoea: badala ya risasi, makofi; badala ya kisasi, tumbo. Watayarishaji hawakulikimbilia. Aliyelikubali ni Italo Zingarelli, na nina hakika hakujuta.

Lakini hebu turudi kwenye tumbo.

Trinity anafika kwenye kibanda cha wasafiri. Ndani wamekaa wasaka wahalifu wawili, wale wanaolipwa kwa kila kichwa wanachokileta, na mateka wao, Mmeksiko aliyejeruhiwa. Mgeni anataka chakula. Kuna maharage. Anaishia na kikaango kizima mbele yake, kijiko cha mti mkononi na mkate pembeni. Kisha anakula.

Anakula tu, na kamera haina mpango wa kumwacha. Kijiko, mkate, kijiko, mkate. Wale wawili wanamtazama, mwanzoni kwa dharau, halafu kwa kitu kinachofanana na hofu. Macho ya buluu ya Terence Hill, anayemcheza Trinity, yanainuka juu ya kijiko, yanawaona, yanarudi kwenye kikaango. Mchuzi unapungua. Hakuna anayesema jambo la maana. Mwishoni anakipangusa kikaango kwa kipande cha mkate mpaka chuma kinang'aa.

Hesabu muda wa tukio hilo utagundua ni ule ule ambao Leone angeutumia kabla ya watu kuuana. Barboni hakufupisha kitu. Ameiacha ile subira ya kifo jinsi ilivyo, na pale palipokuwa na bastola akaweka maharage. Mwili wa mtazamaji, ambao kwa miaka sita ulifundishwa kwamba kimya cha namna hiyo huishia na mlio wa risasi, unakaa tayari, misuli imekaza, na kinachokuja ni kijiko kingine. Ndipo unapocheka. Hucheki kwa sababu maharage ni kichekesho. Unacheka kwa kuwa umeshika pumzi yako bure.

Na Hill mwenyewe anakulaje? Hapo ndipo ninaposimamisha picha nikaitazama upya. Kuigiza ulafi ni kazi rahisi, na kwa sababu hiyo huharibika upesi: mchekeshaji asiye na subira angejipaka mchuzi mashavuni, angetoa macho, angetafuna kwa kelele ili tujue kwamba anachekesha. Hill hafanyi hivyo. Anakula kama fundi anayepiga randa. Kinywa hakikai kitupu, lakini pia hakifurikwi. Mkono unaofuata umeshaanza safari kabla wa kwanza haujamaliza. Amesimulia kwenye mahojiano kwamba alijinyima chakula kwa muda mrefu kabla ya kupigwa picha hiyo, ili awe na njaa ya kweli. Naamini. Lakini njaa peke yake haitoshi kuwa sanaa, la sivyo kila mfungaji saa ya kufuturu angekuwa mwigizaji. Njaa ilimpa hamu. Kipimo alijipa mwenyewe.

Kipimo hicho kina ukoo mrefu Italia. Karne nyingi kabla ya sinema, vikundi vya wachekeshaji vilizunguka viwanjani na wahusika wao waliovaa vinyago, na mhusika aliyependwa kuliko wote alikuwa mtumishi mwenye njaa: Arlecchino mwenye nguo za viraka, Pulcinella wa Napoli mwenye pua kama mdomo wa ndege. Walikuwa na vichekesho vilivyokaririwa kwa ajili ya njaa tu, namna ya kuikodolea sahani, namna ya kumla inzi kwa heshima kana kwamba ni nyama ya karamu. Ni jamaa wa Abunuwasi, ukipenda: mtu mdogo, mvivu kwa tangazo, mwepesi kwa vitendo, anayetoka salama kwa akili yake. Na ikatokea kwamba mmoja wa wachezaji wetu alizaliwa Venezia na mwenzake Napoli, miji miwili iliyowalea wachekeshaji hao.

Wa Venezia ni Mario Girotti, wa 1939, mama yake Mjerumani, utotoni akaishi Lommatzsch karibu na Dresden. Alishacheza hata katika Il Gattopardo ya Luchino Visconti, ya 1963, kabla hajapewa jina la Terence Hill. Wa Napoli, Bambino wetu, ni Carlo Pedersoli, wa 1929, na huyu habari yake inastahili kusimuliwa taratibu. Alikuwa mwogeleaji. Mwaka 1950 akawa Mwitaliano wa kwanza kuogelea mita 100 kwa mtindo huru chini ya dakika moja, na alikwenda Olimpiki ya Helsinki 1952 na ya Melbourne 1956. Jina la Bud Spencer alilitunga kwa kuunganisha bia ya Budweiser na mwigizaji aliyempenda, Spencer Tracy. Walikutana kikazi katika Dio perdona... io no! ya Giuseppe Colizzi, 1967, picha ya kauboi ya kawaida yenye uso wa kawaida wa huzuni, ambamo Hill aliingia kwa sababu mwigizaji aliyekusudiwa aliumia mguu. Picha tatu za Colizzi walicheza pamoja kabla Barboni hajawapata. Walikuwa wameshazoeana, kama ng'ombe wawili wa jembe moja.

Nimetaja uogeleaji kwa sababu unauona kwenye mwili wa Spencer hata akiwa amesimama tu. Watu wanamkumbuka kwa unene, lakini mnene huyu hayumbi wala hahemi. Mabega yanageuka yote kwa pamoja, kama ya mtu aliyezoea kuusukuma uzito wake majini. Akipiga hajikunji wala hajiandai. Mkono unatoka begani ukiwa umenyooka, halafu unarudi mahali pake. Pigo lake maarufu ni la kushusha ngumi wima juu ya utosi, kama mtu anayepigilia kigingi cha hema. Anayepigwa haangukii mbali. Anazama. Magoti yanalegea, macho yanakutana katikati, na unapata sekunde nzima ya kumwona akipokea taarifa. Hiyo sekunde ndiyo kichekesho. Bila hiyo pangekuwa na ukatili tu.

Na uso wake! Wakati wa kupigana Spencer hana hasira. Ana kero. Anawapiga watu kumi na mbili kwa sura ya karani aliyeletewa mafaili saa kumi kasoro dakika tano. Wachekeshaji wengi wangetabasamu kidogo pale ili kutuambia tusiogope. Yeye hatabasamu, na Barboni hamruhusu. Picha nzima inachekesha kwa sababu hakuna ndani yake anayejua kwamba inachekesha, isipokuwa Trinity, na Trinity ana usingizi.

Hadithi yenyewe ni nyepesi kama karatasi ya andazi. Bambino ni mwizi wa farasi ambaye alimjeruhi sherifu njiani, akachukua nyota yake na kujifanya sherifu wa mji mdogo, akingoja wenzake wafike. Trinity anatokea bila kualikwa. Karibu na mji kuna bonde zuri, wamekaa Wamormoni ambao dini yao haiwaruhusu kupigana, na Meja Harriman analitaka bonde hilo kwa ajili ya farasi wake. Meja anachezwa na Farley Granger, Mmarekani aliyekuwa nyota wa Alfred Hitchcock, na anacheza kwa unadhifu wa kuudhi, kola haina doa, jambo linalomfanya aonekane mchafu kuliko wote. Trinity anawapenda dada wawili wa Kimormoni kwa wakati mmoja, na hapo sina la kusifu. Mzaha wa wake wengi umezeeka vibaya, na wale wasichana hawakupewa lolote la kufanya zaidi ya kuwa wawili.

Niliseme na hili kwa haki: watu wanakufa katika picha hii. Wale wasaka wahalifu wawili wa kibandani, kwa mfano. Trinity akishamaliza maharage anaondoka na Mmeksiko wao, anawapa mgongo, nao wanajaribu kumpiga risasi kwa nyuma. Yeye anafyatua bila kugeuka. Wawili chini, na hata mwendo haujabadilika. Tukio hili lingeweza kukaa katika picha yoyote ya 1966. Barboni ameliweka mapema kwa hesabu: anatuonyesha mara moja kwamba mvivu huyu akitaka kuua anaua, ili baadaye kila kofi analotoa tulione kama chaguo. Ana bastola kiunoni, ana kasi ya shetani, na anachagua kibao. Picha isiyokuwa na wale wawili chini ingekuwa ya watoto tu.

Kofi lenyewe lilifika kwenye kilele chake mwaka mmoja baadaye, katika ...continuavano a chiamarlo Trinità ya 1971, ambayo iliingiza fedha kuliko picha yoyote ya Kiitaliano iliyokuwa imetengenezwa hadi wakati huo. Pale kwenye meza ya karata, Trinity kwanza anachanganya karata kwa ufundi wa kiwazimu, zinapaa, zinapindana, zinarudi mkononi kama njiwa waliofundishwa. Mshindani wake, mtu wa bastola mwenye sifa kubwa, anasimama. Anapeleka mkono kiunoni. Kabla haujafika ameshapigwa kofi, na bastola ya Trinity imeshamwelekea. Trinity anairudisha mahali pake. Haya, jaribu tena. Kofi. Bastola. Tena. Kofi.

Lichunguze tukio hilo kama unavyochunguza mkeka, kwa kuhesabu miyaa. Mbinu ya kuiendesha kamera polepole kidogo ili vitendo vionekane vya kasi ni ya tangu zama za sinema bubu, kila fundi anayo. Lakini kasi peke yake haichekeshi, inashangaza tu. Kinachochekesha ni kituo. Baada ya kila kofi kuna kituo kirefu kuliko ulivyotarajia, yule mtu akijaribu kuelewa kilichompata, akijikusanya, akiamini kwamba safari hii itakuwa tofauti. Lingekuwa kofi moja, angekuwa amedhalilishwa. Makofi mawili, ameonewa. Kuanzia la tatu sisi wote tumekuwa yeye, tunamtakia awahi, na tunajua hatawahi. Na kofi halikuui. Linakurudisha utotoni, mbele ya watu, wakati ulikuwa umejiandaa kufa kiume.

Arlecchino alikuwa na kifaa cha kazi hii: fimbo ya vipande viwili vya ubao mwembamba, ambayo ukimpiga nayo mtu vipande vinagongana vyenyewe kwa kishindo kikubwa, na aliyepigwa haumii. Kelele nyingi, maumivu sifuri. Nadhani katika historia yote ya ucheshi ni vifaa vichache vilivyobuniwa kwa huruma kiasi hicho. Mkono wa Hill ni fimbo hiyo hiyo, isipokuwa kelele yake ilitengenezwa mahali pengine.

Maana Waitaliano wa wakati ule walipiga picha bila kujali sauti. Kwenye eneo la kazi Mmarekani alisema maneno yake kwa Kiingereza, Mwitaliano kwa Kiitaliano, mwongozaji akipiga kelele katikati yao, na sauti zote zilitiwa baadaye studio. Hata nyota hao wawili hawakusikika kwa sauti zao katika Italia yao wenyewe: Hill alisemewa na Pino Locchi, na Spencer, ambaye lafudhi yake ya Napoli ilionekana haifai kwa kauboi, akasemewa na Glauco Onorato. Kwa hiyo kila konde lina wazazi watatu. Kuna anayerusha mkono, ukapita sentimita chache mbele ya kidevu. Kuna anayelipokea, ambaye lazima arushe kichwa kwenye sekunde hasa inayotakiwa, si kabla. Halafu kuna fundi wa studio anayeketi wiki kadhaa baadaye gizani na kulitafutia sauti. Yule wa tatu alikuwa bingwa. Makonde ya Spencer yana sauti ambayo haipo duniani, kitu kati ya mlango wa ghala kufungwa na mfuko wa mchele kuangushwa, na sikio linakubali mara moja kwamba ndiyo, mtu wa ukubwa ule akikupiga utosini ni lazima usikike hivyo.

Sisi tuliokulia kwenye mabanda ya video hatuhitaji kuelezwa sana jambo hili. Tumezoea picha yenye sauti mbili, ile iliyokuja nayo na ile ya mfasiri aliyekaa pembeni na kipaza sauti, akiwapa Wachina na Wamarekani majina ya mtaani, akiongeza matusi ambayo hayakuwamo. Tulijua mapema kwamba sauti ni nusu ya mtu na kwamba inaweza kubadilishwa. Wajerumani walilijua pia. Walipoingiza Kijerumani katika picha za Spencer na Hill, Rainer Brandt na wenzake walijaza mzaha wa maneno hata pale ambapo Waitaliano walikuwa wamenyamaza. Ujerumani ikawapenda hao wawili kuliko hata nyumbani, pengine. Katika mji wa Schwäbisch Gmünd wananchi walitaka handaki jipya la barabara liitwe jina la Bud Spencer. Madiwani wakakataa, na 2011 wakampa bwawa la kuogelea la mji badala yake. Kwa mwogeleaji aliyewahi kushindana katika bwawa hilo hilo mwaka 1951, naona madiwani walipatia bila kukusudia.

Sasa rabsha ya mwisho. Wamormoni wamefundishwa na Trinity na Bambino namna ya kujitetea, mzee wao akisumbuka dhamira mpaka anapopata kwenye Biblia ruhusa aliyokuwa akiitafuta. Watu wa Meja wananyang'anywa silaha kwa hila, na kinachobaki ni ngumi. Inaendelea, inaendelea. Meza zinavunjika, mabenchi yanavunjika juu ya migongo, watu wanapita hewani. Watazamaji wengi wanaisifu kwa ukubwa wake, mimi naisifu kwa usafi wake. Katika vurugu ya watu makumi, kila mara unajua nani yuko wapi. Aldo Giordani, aliyepiga picha, anarudi nyuma na kuiacha miili ionekane mizima, kichwa hadi kiatu, kwa sababu kuanguka ni sentensi na ukiikata katikati haieleweki. Siku hizi pigano linakatwakatwa vipande vya nusu sekunde mpaka hujui ni mkono wa nani. Hapa mtu anapigwa upande wa kushoto, anavuka picha nzima kwa miguu yake mwenyewe akiyumba, anafika upande wa kulia, na huko ndiko anakopata nafasi ya kuanguka. Wale waliokuwa wakianguka, akina Riccardo Pizzuti ambaye alichapwa na Spencer katika picha nyingi kiasi kwamba ukimwona tu unaanza kumwonea huruma, ndio waliobeba uzito wa jengo zima. Kupiga kwa uongo kunajifunzika. Kupigwa kwa uongo, mara kumi na tano, na kila mara ukashangaa upya, hicho ni kipaji.

Na mle ndani kuna vitu vidogo vimefichwa. Wenzake Bambino wanaitwa Faina na Timido, na huyo Timido, yaani Mwoga, ndiye anayepigana kama mtu aliyefunguliwa kutoka kwenye mnyororo. Barboni hasimami kuonyesha kidole. Anaacha tu jambo lipite.

Kilichofuata hakikuwa cha ajabu: waigaji. Waitaliano walizipa picha hizo jina la kauboi wa maharage, na kila mtayarishaji akatafuta kijana mmoja mwenye macho ya rangi na mnene mmoja mwenye ndevu. Nyingi hazitazamiki. Zina makofi lakini hazina kituo kati ya makofi. Zina maharage lakini mlaji anatukonyeza. Waliona wepesi wakadhani uliletwa na wepesi. Leone mwenyewe, ambaye sifa yake ndiyo iliyokuwa ikichezewa, alijibu kwa namna ya pekee: mwaka 1973 alitoa wazo la Il mio nome è Nessuno, iliyoongozwa na Tonino Valerii, ambamo Hill anamfuata Henry Fonda, mtu wa bastola aliyezeeka na anayetaka kupumzika, akimlazimisha kuondoka kwa heshima. Ennio Morricone akaitilia muziki wa wapanda farasi 150 unaoukejeli ule wa Wagner. Ni picha ya busara kuliko za Trinity, na nzuri zaidi machoni. Lakini nikitoka kazini nimechoka siiweki hiyo. Naweka ile ya machela.

Tangu Spencer alipofariki Roma mwezi Juni 2016 nimekuwa nikiitazama tofauti kidogo, nikimfuata zaidi yeye kuliko mdogo wake, hasa pale ambapo hana kazi ya kufanya na amesimama tu nyuma akisubiri zamu yake. Hata hapo anacheza. Anasikiliza upuuzi wa Trinity kwa pua.

Mwisho wa picha Wamormoni wamelipata bonde lao, na Trinity yuko karibu kabisa kukaa nao, na dada wawili, na maisha mema. Mzee anaanza kuhubiri juu ya kesho, na ndani ya hotuba linajitokeza neno kazi. Unamwona Hill akilisikia. Hakuna kingine kinachotokea usoni pake, macho tu yanapungukiwa na mwanga kidogo, kama taa umeme unaposhuka. Punde si punde yuko juu ya machela, amejilaza, na farasi ameshaondoka.

Farasi huyo nimemfikiria sana. Kwa asili farasi huogopa kitu kinachomfuata nyuma kikikwaruza ardhi, hukurupuka akakimbia. Huyu anatembea mwendo mmoja, ulionyooka, bila mtu mgongoni, mitambo ya kamera pembeni, miti miwili ikisaga changarawe nyuma ya kwato zake, na binadamu mzima amelala pale akimwamini. Nina hakika nje ya picha, upande ule tusiouona, palikuwa na mtu amesimama na ndoo ya shayiri, akimsubiri afike.